LinkedList au ArrayDeque? Tathmini ya klasi mbili za foleni katika Java

Anayeuliza achague orodha ya mnyororo au foleni huwa amechanganya maswali mawili. Foleni ni ahadi ya tabia: aliyetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka. Orodha ya mnyororo ni namna ya ujenzi: kila kitu kinakaa ndani ya nodi, na kila nodi inashika kielekezi (anwani) cha nodi jirani. Foleni unaweza kuijenga kwa mnyororo, na unaweza kuijenga kwa safu ya kawaida, yaani nafasi zinazofuatana kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo mwandishi wa programu za Java akishajua kwamba anataka foleni, swali linalobaki mezani ni moja: ndani yake aweke `LinkedList` au `ArrayDeque`?

Zote mbili zinakuja na Java yenyewe kwenye kifurushi cha `java.util`, hakuna cha kupakua wala kulipia. Hukumu yetu tunaitoa mapema: chukua `ArrayDeque`. `LinkedList` ina kazi zake chache, lakini imezoeleka kuliko inavyostahili, na sifa nyingi inazopewa darasani huzikuti ukianza kuitumia.

Historia inaeleza kwa nini. `LinkedList` iliingia na Java 1.2 mwaka 1998, ikiandikwa na Joshua Bloch. Kiolesura cha `Queue`, yaani orodha ya methodi ambazo foleni lazima iwe nazo, kilikuja baadaye, na Java 5 mwaka 2004, na `LinkedList` ikabebeshwa kazi hiyo mpya. `ArrayDeque`, ya Bloch pamoja na Doug Lea, ilitoka na Java 6 mwaka 2006. Katika miaka hiyo miwili ya katikati, aliyetaka foleni ya kawaida ndani ya uzi mmoja (mkondo mmoja wa utekelezaji) alikuwa na `LinkedList` tu, na mstari wa `Queue<Integer> q = new LinkedList<>()` bado unanakiliwa kutoka somo hadi somo. Bloch mwenyewe alisema hadharani mwaka 2015 kwamba yeye ndiye aliyeiandika `LinkedList` na haitumii. Maelezo rasmi ya `ArrayDeque` nayo yanasema wazi kwamba inaelekea kuwa na kasi kuliko `LinkedList` ikitumika kama foleni.

Matumizi ya msingi ni haya:

```java
Queue<Ujumbe> foleni = new ArrayDeque<>();
foleni.offer(ujumbe); // ingiza nyuma
Ujumbe wa_mbele = foleni.peek(); // tazama tu, usitoe
Ujumbe wa_kutuma = foleni.poll();  // toa; ni null kama foleni tupu
```

Zingatia upande wa kushoto. Kigezo kimetangazwa kuwa `Queue`, si `ArrayDeque`. Ukitangaza hivyo, kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako) itakukatalia kuchukua kitu cha katikati kwa nafasi yake, na siku ukitaka kubadilisha ujenzi wa ndani unagusa mstari mmoja tu. Jozi ya pili ya methodi ni `add`, `element` na `remove()`. `element` na `remove()` hurusha `NoSuchElementException` foleni ikiwa tupu. Zitumie pale ambapo foleni kuwa tupu ni ishara ya hitilafu kwenye programu. Pale ambapo utupu ni hali ya kawaida, `poll` na `peek` zinatosha.

Gharama ya kumbukumbu

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Nodi moja ya `LinkedList` ina vielekezi vitatu: cha kitu chenyewe, cha nodi inayofuata na cha nodi iliyotangulia. Kwenye JVM (programu inayoendesha Java) ya biti 64 yenye vielekezi vilivyobanwa, ambayo ndiyo hali ya kawaida hipu, eneo la kumbukumbu zinamokaa objekti, ikiwa chini ya GB 32, kichwa cha objekti huchukua baiti 12 na kila kielekezi baiti 4. Jumla ni baiti 24 kwa nodi. Ndani ya `ArrayDeque` kitu hicho hicho kinachukua nafasi moja ya safu, yaani baiti 4.

Foleni yenye SMS milioni moja zinazosubiri kutumwa italipa takriban MB 24 za nodi peke yake, kabla hujahesabu SMS zenyewe. Safu italipa MB 4 na ziada kidogo, maana daima kuna nafasi za akiba ambazo hazijajazwa. Hipu ikivuka GB 32, vielekezi vinarudi kuwa baiti 8 na nodi inafika baiti 40. Kwenye seva ndogo ya kukodi yenye RAM ya GB 1, tofauti ya MB 24 na MB 4 si ya kupuuza.

Halafu kuna prosesa. Prosesa nyingi za leo huvuta kumbukumbu kwa vipande vya baiti 64 na kuviweka kwenye kashe, kumbukumbu yake ndogo ya haraka. Kipande kimoja cha safu kinaleta vielekezi 16 kwa mkupuo, na prosesa hukisia kwamba utahitaji kipande kinachofuata, ikakitanguliza. Nodi za mnyororo zinaweza kuwa zimetawanyika kwenye hipu, na anwani ya nodi ya tatu huijui mpaka uwe umeisoma ya pili. Prosesa inabaki kusubiri. Vitabu vya darasani vinasema kupitia orodha yote ni kazi ya kiwango kile kile kwa miundo yote miwili, na kihesabu ni kweli. Ila hesabu hiyo haihesabu muda wa kusubiri kumbukumbu.

Mzoa taka wa JVM, anayeondoa objekti zisizotumika tena, naye ana neno. Kila `add` kwenye `LinkedList` inazaa objekti mpya. Foleni fupi, ambayo kitu kinaingia na kutoka mara moja, haiumizi sana, kwa sababu nodi hufa zingali changa na JVM inazizoa kwa gharama ndogo. Shida inaanza foleni ikirefuka na nodi zikahamia kwenye eneo la objekti za muda mrefu. Kuna jambo jingine lisilosemwa sana: wazoa taka wa sasa hugawana kazi ya kuweka alama objekti zinazotumika kwa nyuzi nyingi, lakini mnyororo mrefu haugawanyiki, kwa kuwa nodi inayofuata hupatikana kwa kupitia iliyotangulia. Uzi mmoja unaburuza mnyororo mzima huku nyingine zikikosa cha kufanya. Safu inagawanyika vipande bila taabu.

ArrayDeque inafanyaje kazi

Ni safu ya mviringo yenye alama mbili, kichwa na mkia. Kichwa kinaonyesha kitu cha kutolewa, mkia unaonyesha nafasi tupu inayofuata. Chukua safu ya nafasi 8, zilizohesabiwa 0 hadi 7. Kichwa kikiwa 6 na mkia 1, ndani kuna vitu vitatu, kwenye nafasi za 6, 7 na 0. Kutoa ni kusoma nafasi ya kichwa, kuiandika `null` (yaani hakuna kitu) ili mzoa taka achukue kilichotoka, na kusogeza kichwa hatua moja. Hakuna kitu kinachohamishwa. Ndiyo sababu kuingiza na kutoa ni kazi ya muda ule ule hata foleni ikiwa na vitu laki moja.

Kwa kuanzia ina nafasi ya vitu 16. Ikijaa inatengeneza safu kubwa zaidi na kunakili vyote: matoleo mapya huongeza takriban mara mbili safu ikiwa chini ya nafasi 64, na nusu ya ukubwa wake baada ya hapo, Java 8 ilikuwa ikizidisha mara mbili kila mara. Kunakili huko kunasababisha kusita kidogo kwa mara chache. Kama unajua foleni hufika vitu elfu 50, andika `new ArrayDeque<>(50_000)` na kusita huko kunaisha. Ujue pia kwamba safu haipungui. Foleni iliyofurika mara moja usiku inabaki na safu kubwa mpaka uitupe na kuunda nyingine. Kwa programu inayokaa hewani miezi, hilo ni la kuangaliwa.

Wanaojenga foleni kwa mkono, kwa C au kwa mazoezi ya darasani, hukwama mahali pawili. Kwenye safu ya mviringo, kichwa na mkia vikilingana huwezi kujua kama foleni ni tupu au imejaa. Dawa ni kuacha nafasi moja wazi daima, au kuweka kihesabu cha vitu pembeni. Kwenye mnyororo, kosa ni kutoa nodi ya mwisho na kusahau kuuandika mkia `null`. Kitu kitakachoingia baadaye kinaunganishwa nyuma ya nodi iliyokwisha kutolewa, kichwa kinabaki `null`, na foleni inasema ni tupu ilhali vitu vinazidi kuingizwa. Kwa C ni hatari zaidi, kwa kuwa nodi hiyo imeshapigwa `free`, yaani kumbukumbu yake imeshaachiliwa. Na mnyororo usioweka kielekezi cha mkia kabisa unalazimika kutembea kutoka mwanzo hadi mwisho kila kitu kinapoingia.

Sifa za mnyororo ambazo Java haikupi

Sifa ya kwanza inayotajwa ni kufuta katikati kwa hatua moja. Ni kweli kwa mnyororo ambao unashika nodi yenyewe mkononi. Klasi ya nodi ndani ya `LinkedList` ni ya faragha. Huioni wala huigusi. Ukiandika `orodha.remove(kitu)`, Java inatembea toka mwanzo ikilinganisha kimoja kimoja. Ukiandika `orodha.get(5000)` inatembea pia, ingawa huchagua kuanzia upande ulio karibu. Kitanzi cha `for` kinachoita `get(i)` kwenye `LinkedList` ya vitu elfu 100 kinakuwa na hatua zaidi ya bilioni mbili. Programu haitoi hitilafu yoyote. Inakuwa nzito tu, na huo ndio ugonjwa mgumu kuubaini.

Sifa ya pili ni kuunganisha minyororo miwili kwa mara moja, kwa kuufunga mkia wa mmoja kwenye kichwa cha mwingine. Klasi ya `std::list` ya C++ inalifanya hilo kwa `splice`. Katika Java, `addAll` hugeuza mkusanyiko wa pili kuwa safu, kisha inaunda nodi mpya kwa kila kitu.

Inabaki faida moja ya kweli: ukipita orodha kwa `Iterator` au `ListIterator` (iterata, kitembezi cha kupitia kitu kimoja kimoja) huku ukifuta au kuingiza katikati mara nyingi, `LinkedList` inafanya kila badiliko kwa hatua moja, wakati `ArrayDeque` husogeza vitu kila unapoita `remove` ya iterata. Hata hapo, kama kazi ni kuchuja tu, `removeIf` ya matoleo mapya inapita safu mara moja na kumaliza.

Mnyororo unang'ara pale viungo vinapokuwa sehemu ya objekti yenyewe. Kiini cha Linux kimejengwa hivyo: muundo wa `list_head`, wenye `next` na `prev` tu, unapachikwa ndani ya kila muundo unaotaka kupangwa, na kuutoa kwenye orodha hakuhitaji kutafuta wala kuomba kumbukumbu mpya. Katika Java, anayetaka kitu cha namna hiyo kwa ajili ya kashe inayofuta kilichokaa muda mrefu bila kutumika asihangaike na `LinkedList`. `LinkedHashMap` ina mnyororo wake wa ndani: iunde kwa `new LinkedHashMap<>(16, 0.75f, true)`, kisha uandike upya `removeEldestEntry` irudishe kweli ukubwa unapovuka kikomo chako.

Mitego unapohama

Kuhama kutoka `LinkedList` kwenda `ArrayDeque` si kubadilisha jina tu. Anza kwa kubadilisha tangazo la kigezo liwe `Queue` au `Deque` ukiiacha `LinkedList` mahali pake, kisha kusanya programu. Kompaila itakuonyesha kila sehemu inayoita `get(i)`, `set` au `add(i, kitu)`. Sehemu hizo hazihitaji foleni. Nyingi zinahitaji `ArrayList`, orodha iliyojengwa kwa safu. Ukishazisafisha ndipo ubadilishe upande wa kulia.

Sasa tafuta `null`. `LinkedList` inaikubali, `ArrayDeque` inarusha `NullPointerException` palepale. Sisi tunaliona hilo kuwa jema: `poll` inarudisha `null` kumaanisha foleni ni tupu, na foleni yenye `null` ndani inakudanganya kwamba kazi zimeisha wakati bado zipo. Wengine hutumia `null` kama alama ya mwisho wa ngazi wanapopita mti ngazi kwa ngazi. Badala yake, soma `foleni.size()` mwanzoni mwa ngazi na utoe vitu idadi hiyo.

Mtego unaovunja majaribio ni `equals`. `LinkedList` mbili zenye vitu sawa kwa mpangilio ule ule ni sawa. `ArrayDeque` haikuandika `equals` yake, hivyo mbili zenye vitu vile vile si sawa mpaka ziwe objekti ile ile. Kwenye majaribio linganisha `new ArrayList<>(a)` na `new ArrayList<>(b)`.

Mitego miwili zaidi inatokana na majina ya methodi. `push` huingiza mbele, si nyuma. Anayechanganya `push` na `poll` amejenga rundo, ambamo wa mwisho kuingia anatoka wa kwanza, na ombi la asubuhi linakaa chini hadi jioni. Na kama umetangaza `LinkedList<Integer>`, `foleni.remove(5)` inafuta kilichopo kwenye nafasi ya 5, wala haitafuti namba 5. Ukitangaza `Queue<Integer>`, methodi ya nafasi haipo kabisa na mstari huo huo unafuta namba 5. Pitia sehemu hizo kwa macho, kwa sababu kompaila itazipitisha kimya.

Nyuzi zikiwa nyingi

Hakuna kati ya hizi mbili iliyo salama nyuzi kadhaa zikiingiza na kutoa kwa wakati mmoja. Hapo nenda `java.util.concurrent`. `ConcurrentLinkedQueue` ni mnyororo usiotumia kufuli, na ni mzuri, ila `size()` yake inatembea foleni nzima. Ukitaka kujua kama ni tupu tumia `isEmpty()`.

Kwa mfumo wa mzalishaji na mlaji, mathalani uzi mmoja unapokea taarifa za malipo na nyuzi nne zinaziandika kwenye hifadhidata, tunapendekeza `ArrayBlockingQueue` yenye kikomo, tuseme `new ArrayBlockingQueue<>(1000)`. `put` inasubiri nafasi ipatikane, `offer` inarudisha `false` mara moja ikijaa, na ipo `offer` inayosubiri kwa muda unaoutaja. `LinkedBlockingQueue` iliyoundwa bila namba ina kikomo cha `Integer.MAX_VALUE`, yaani zaidi ya bilioni mbili. Hifadhidata ikizubaa, foleni inakula RAM mpaka `OutOfMemoryError`. `Executors.newFixedThreadPool` hutumia foleni hiyo hiyo isiyo na kikomo ndani yake, na wengi hawajui. Unda `ThreadPoolExecutor` mwenyewe, mpe `ArrayBlockingQueue`, na weka `CallerRunsPolicy` ili foleni ikijaa, aliyeleta kazi aifanye mwenyewe. Kasi ya kupokea inapungua yenyewe kulingana na uwezo wa kuandika.

Ukitaka kupima tofauti kwenye mashine yako, tumia JMH, zana ya kupimia kasi ya programu za Java. Kitanzi chenye `System.nanoTime()` mwanzo na mwisho kinapima pia muda wa JVM kujipasha moto kabla ya kufikia kasi yake. Pima hali mbili: foleni inayokaa na vitu 1,000 huku kimoja kikiingia na kimoja kikitoka, na foleni inayojazwa milioni kisha kumwagwa yote. Hali ya kwanza peke yake itaficha udhaifu wa `LinkedList`, kwa sababu tuliyoitaja ya nodi kufa changa.

Kwa wanaoandika Python, usitumie `list.pop(0)`, inasogeza kila kilichobaki. `collections.deque` ni mnyororo wa vibunda, kila kibunda kikibeba vitu 64, hivyo inapata wepesi wa miisho yote miwili bila kulipa nodi kwa kila kitu. Angalia `maxlen`: foleni ikijaa na ukaongeza nyuma, cha mbele kinadondoshwa bila onyo.

Wa Kotlin wana `ArrayDeque` yao, rasmi tangu Kotlin 1.4, ambayo tofauti na ya Java inakubali kusoma kwa nafasi. Kwa Android kuna jambo la haraka zaidi. Java 21 iliongeza `removeFirst` na `removeLast` kwenye `List`, na programu inayokusanywa kwa `compileSdk` 35 (toleo la zana za Android linalotumika kukusanya) huita hizo mpya pale ulipoandika `removeFirst()` kwenye `MutableList`. Simu yenye Android 14 kurudi nyuma haina methodi hizo, na programu inaanguka kwa `NoSuchMethodError` ingawa kwenye simu yako mpya ilipita. Andika `removeAt(0)` na `removeAt(orodha.lastIndex)`, kisha jaribu kwenye simu ya zamani kabla ya kutoa toleo.